Kutoweka na Kutoonekana

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ina kweli yake katika baraza za watu, ambako aghalabu asiyehudhuria hana wa kumtetea. Lakini ikiingizwa katika elimu ya kemia hupoteza kweli hiyo mara moja. Katika elimu hiyo, kitu kisichokuwapo machoni huwa kipo mahali pengine, na kazi ya mwanafunzi ni kukifuata. Nataka, ewe kijana msomaji, tukifuate kitu kimoja pamoja, kisha tuulizane swali lizidilo kemia: je, mtu aweza kujivua lawama kwa kusema kwamba macho yake hayakuona?

Anza na chumvi. Tia kijiko kimoja katika bilauri ya maji, ukoroge. Jicho litakuambia chumvi imekwisha, ulimi utalikanusha. Yaache maji juani yakauke, na chumvi itaonekana tena chini ya bilauri. Sasa tazama mkaa katika seredani. Ulijaa mpaka juu, na baada ya kupika limebaki jivu la kujaza kiganja. Hapa ulimi haufai kitu. Huhitajiwa akili, nayo akili huhitaji picha. Chora kiduara kimoja cheusi kuwa atomu ya kaboni, na viduara viwili vyeupe kuwa atomu za oksijeni iliyomo hewani. Moto huvifunga vitatu hivyo pamoja vikawa hewa ukaa. Hesabu kabla ya moto: ni vitatu. Hesabu baada ya moto: ni vitatu. Gramu 12 za kaboni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 44 za hewa ukaa, bila kupungua. Mfaransa Antoine Lavoisier aliieleza kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1789, naye aliitegemea mizani kuliko macho.

Sasa tutoke jikoni twende Mikindani, upande wa bara wa Mombasa, katika mtaa uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007, kando ya nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi. Ndani ya betri hizo mna risasi, madini mazito na laini ambayo jina lake limepewa pia risasi ya bunduki. Baadhi ya risasi hiyo imeshikana na oksijeni. Katika tanuri, kaboni huinyang'anya oksijeni hiyo, na risasi hubaki peke yake. Chora tena viduara vyako: risasi mbili, oksijeni mbili na kaboni moja vikiingia, hutoka risasi mbili na hewa ukaa moja. Hapana kilichopotea. Moto hubadili ushirika wa elementi, lakini hauna uwezo wa kuigeuza risasi kuwa kitu kingine.

Basi ile risasi ambayo haikutoka tanurini kuwa bidhaa ilikwenda wapi? Moshi ulipanda, ukawa mwembamba, upepo ukauchukua, na jicho likasema umekwisha. Lakini vumbi lake lilitua juu ya mabati, udongoni, na katika mikono ya watoto wachezao chini. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaiweka katika mifupa kwa miaka mingi. Na kwa mtoto hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama.

Phyllis Omido, aliyeajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Akaungana na wakazi wakadai haki. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Malipo hayo yalitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikayarudisha Desemba 2024. Zingatia jambo moja: wenye kiwanda hawakubebeshwa lawama peke yao, bali pamoja nao vyombo vya serikali vilivyopaswa kuwasimamia.

Hapo swali letu linapata jibu. Kutoona si kwa namna moja. Mtoto achezaye vumbini hakuona, wala hakuwa na njia ya kuona. Mfanyakazi asiyeambiwa hakuona kwa sababu alifichwa. Lakini mtu aliyepewa kazi ya kuangalia, mwenye elimu na vipimo, akikosa kuona, kutoona kwake ndiko kosa lenyewe.

Yamkini utanijibu kwamba betri kuukuu hazina budi kuyeyushwa, na kwamba ujira wa kiwanda hulisha watoto. Ni kweli. Betri ikitupwa jaani, risasi yake itabaki jaani. Kwa hiyo hatuulizi kama iyeyushwe au isiyeyushwe. Twauliza iyeyushwe wapi, moshi wake uchujwe kwa nini, na nani apime kitokacho. Ujira wa baba hauwezi kuiondoa risasi katika mfupa wa mwana.

Wewe leo unafundishwa kusawazisha milinganyo ya kemia, na pengine waona ni adhabu ya daftari. Ukisahau atomu moja, mwalimu atakunyima alama, na hasara itakuwa yako. Kesho utakuwa mhandisi, mkaguzi, mfanyabiashara au mzazi. Atomu utakayoisahau siku hiyo itapumuliwa na mtu usiyemjua. Jizoeze basi, kila uonapo kitu kimekwisha, kuuliza kimekwenda wapi na kimemfikia nani.