Uliza "Mambo?" Kwanza

Kijana wa Mtwara unayejua kuunda programu za simu, funga kompyuta kwanza. Panda gari la Msimbati, ukae na mvuvi anayemeza dawa kila siku. Likiingia giza la mwezi, usiku kucha yuko baharini na taa yake. Simu kaiacha nyumbani, mke na watoto wanaitumia. Sasa niambie: kengele yako ya kukumbusha dawa saa mbili usiku inamlilia nani?

Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa WelTel, uliofanyika Kenya kwa watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU. Hapakuhitajika simu janja wala bando. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Katika kundi hilo, asilimia 62 walizingatia dawa. Katika kundi lisilotumiwa ujumbe, asilimia 50.

Neno moja la kijiweni! Halitaji dawa wala ugonjwa; hata shemeji akilisoma, siri haitoki. Na utafiti mwingine wa Kenya, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa ujumbe wa kila wiki ulisaidia, wa kila siku haukufua dafu. Kelele za kila siku mtu huzizoea, kama anavyozoea mawimbi nyuma ya nyumba.

Basi unda hivyo. Anza na simu ya kitochi, maana ndiyo aliyo nayo mvuvi. Mwache mgonjwa achague saa yake mwenyewe, kabla ya kushusha ngalawa au akirudi kutoka kwenye mikorosho. Mkumbuke anayevuka Ruvuma pale Kilambo kwenda Msumbiji: mpe neno la kuaga, "Nasafiri", ili kliniki imfungashie dawa za kumtosha. Zaidi ya yote, usiwashe mtambo kabla hujampata mhudumu wa kupiga simu. Bila yeye, "Shida" ni ukelele porini.

Usingoje wafadhili, usingoje Dar es Salaam. Bahari hii unaijua wewe, na lugha ya watu wake umezaliwa nayo. Ngalawa zikirudi alfajiri, uwe ufukweni na daftari lako. Swali la kwanza unalijua.