Deni Kwanza, Mirathi Baadaye

Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, mali ya marehemu haigawanywi mpaka madeni yake yalipwe. Mrithi habebi dhambi za baba, lakini hawezi kutwaa nyumba na shamba kisha akamjibu mdai kwamba aliyekopa keshazikwa. Kanuni hii, kwangu, inaeleza kinachokwamisha mikutano ya tabianchi vizuri zaidi kuliko hesabu zozote za uchumi. Hewa ukaa hukaa angani karne na karne. Iliyotoka kwenye viwanda vya Manchester katika karne ya 19 ingali inaipasha dunia joto, na utajiri wake ungali mikononi mwa warithi. Marekani imetoa takriban robo ya hewa ukaa yote ya makaa, mafuta na gesi tangu viwanda vianze; Afrika nzima, kama asilimia 3. Hata hivyo, uamuzi uliopitisha Mkataba wa Paris wa 2015 unatamka, katika aya ya 51, kwamba kifungu cha hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi hakiwi msingi wa dhima wala fidia. Yaani tusaidiane, ila asitajwe mdaiwa. Na msaada hufuata moyo wa mtoaji: dola bilioni 100 kwa mwaka zilizoahidiwa na nchi tajiri huko Copenhagen mwaka 2009, zifikiwe ifikapo 2020, zilitimia 2022. Nchi iliyongojeshwa hivyo itaaminije ahadi inayofuata?

Wapo wanaosema wazee wa viwanda hawakujua. Ni kweli, na kutojua kunaondoa dhambi. Lakini katika fikihi, aliyeua kwa bahati mbaya hulipiwa diya, tena na jamaa zake, watu ambao hawakuua. Isitoshe, zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote ya makaa, mafuta na gesi imetolewa baada ya 1990, na mkataba wa kwanza wa tabianchi ulitiwa saini Rio mwaka 1992. Pingamizi zito ni lile linalohusu China, inayoongoza leo kwa utoaji ilhali orodha ya mkataba huo wa 1992 haikuihesabu, wala nchi tajiri za Ghuba, miongoni mwa wenye wajibu mkubwa. Mwaka 1997 Seneti ya Marekani ilipiga kura 95 kwa 0 kupinga makubaliano yasiyozibana nchi hizo. Kuhusu orodha walikuwa na haki: anayekopa leo naye ni mdaiwa, na orodha hiyo haina budi kufunguliwa upya. Ila mdaiwa mpya hafuti deni la yule wa zamani. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoongozwa na Vanuatu, ilisema nchi inayokiuka wajibu wake wa tabianchi yaweza kutakiwa kulipa fidia. Ni ushauri tu, haimlazimishi mtu. Lakini fidia, iliyofungiwa nje kule Paris, sasa imetamkwa na majaji.