Shibolethi ya CV

Kuna swali ambalo vijana wameniletea zaidi ya mara moja: je, ni dhambi kuchukua maneno ya tangazo la kazi na kuyaweka kwenye CV yako?

Si swali la mzaha. Ukiomba kazi ya kuanzia ya utafiti, labda msaidizi wa utafiti au mkusanyaji data, mara nyingi maombi huwa mengi kuliko macho ya kuyasoma. Mashirika mengine hutumia programu ya kompyuta kuyachuja. Inatafuta maneno kama "hojaji", "uchambuzi wa data" au "Stata", na isipoyaona unaweza kuachwa nje. Ni kama kule kwenye vivuko vya Yordani, Waamuzi 12, ambapo aliyeshindwa kutamka "Shibolethi" hakuvuka. Basi kijana anauliza, si nijifunze tu kutamka?

Mimi nasema tamka, kama kazi umeifanya. Chukua dada aliyekuwa karani kwenye sensa ya 2019, ile ya tableti. Kwenye CV anaandika "nilihesabu watu". Kumbe alibisha milango, akauliza maswali kwa mpangilio ule ule nyumba hadi nyumba, akajaza majibu kwenye tableti, akarudi pale ambapo hakukuta mtu. Tangazo linaiita kazi hiyo "ukusanyaji wa data kwa njia ya kidijitali". Akilitumia jina hilo hajadanganya. Wengine wetu hudhani kujipunguza kwenye karatasi ni unyenyekevu. Lakini mizani inayopunja upande wako mwenyewe bado ni mizani mbovu.

Shida ni yule aliyetazama video moja ya Stata akaandika "mahiri". Ama yule anayenakili tangazo zima chini ya CV kwa herufi nyeupe, mashine isome na binadamu asione. Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kupamba bidhaa. Kupamba pakiti ya unga ni sawa. Kuandika kilo mbili na ndani kuna moja, hapana.

"Lakini Pasta, kila mtu anaandika hivyo. Ukweli ni wa wenye nauli ya kurudi nyumbani." Simdharau anayesema hivi, landlodi hapokei ushuhuda badala ya kodi. Ila tuangalie hii kazi ni ya aina gani. Unatumwa nyumba kumi, na hakuna wa kukuzuia kukaa chini ya mwembe ukajaza fomu zote mwenyewe. Ndiyo maana wasimamizi hurudi kwa baadhi ya nyumba kuuliza maswali yale yale tena. Majibu hayo ndiyo huwasaidia watu kuamua zahanati ijengwe wapi au dawa gani inafanya kazi. Aliyeingia kwa neno la uongo ameshajaza fomu yake ya kwanza chini ya mwembe, na fomu yenyewe inamhusu yeye. Siku akipewa faili ya mistari elfu tatu, ama mwenzake atamfanyia kazi, ama atabahatisha, na kubahatisha kwake kutachapishwa kama takwimu.

Kwa hivyo pitia kila neno ujiulize: nikiulizwa kwenye mahojiano, naweza kusimulia siku niliyoifanya hiyo kazi? Kama ni mradi wa chuo, sema ni mradi wa chuo. Kama unajifunza, andika "najifunza R". Programu hiyo ni ya bure, na laptopu ya kuazima inatosha kuanza.

Wapo watakaoandika ukweli na wasiitwe. Sitawaficha hilo. Ndiyo sababu nawaomba ninyi mnaofanya kazi za utafiti mtufae: Jumatano baada ya ibada, kaeni na vijana hawa nusu saa tu, muwaeleze yale maneno yana maana gani kazini. Vijana, njooni na CV, tangazo lenyewe, na kalamu.