Mgonjwa Anayekula kwa Kujificha



Ndugu zangu wanafunzi, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), nataka tuwaangalie wagonjwa wanaokula mchana wa Ramadhani kwa kujificha.

Huku Rumonge mvuvi wa ndagala hutoka usiku wa giza na taa zake. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Kisukari kikimlaza, hana tena giza la kungojea. Daktari amemkataza kufunga, mguu una kidonda, na msikitini watu wanauliza mbona haonekani. Huyo haumwi sukari tu. Wiki mbili na zaidi hapati usingizi, chakula hakina ladha, anajiona mzigo kwa mkewe. Hiyo ni sonona, na wenye kisukari hupatwa nayo takriban mara mbili kuliko wasio nacho. Ikimshika huacha dawa. Sukari hupanda, na huzuni nayo huzidi.

Nasi tunamwambia imani yake imepungua! Neno hilo silikubali. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumwita dhaifu wa imani, inatueleza kwamba alimshitakia Mola wake huzuni yake. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alijikinga kwa Allah na hamu na huzuni. Tena mgonjwa ameruhusiwa kufungua kwa aya ya Qur'ani, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Ruhusa ya Allah haifichwi nyuma ya mlango. (Wanaohesabu nani kafunga na nani hakufunga, sijui nani kawapa daftari.)

Wako wanaosema maradhi ya nafsi ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, kwa kuwa kimoja kikiumia kingine hudhurika.

Basi mkirudi nyumbani kutoka Bujumbura, kaeni naye. Muulizeni analala vipi, dawa anameza? Msomeeni dua, kisha mfuatane naye kwa daktari. Kisomo na dawa havigombani. Akitamka kwamba heri afe, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kamenge kipo kituo cha maradhi ya akili. Fidia yake mfikishieni maskini ikiwa miguu haimbebi, na asubuhi ya Idi mchukueni kwa pikipiki mpaka uwanjani.