Je, ni dhambi kupunguza matiti?



Kuna swali ambalo mabinti huuliza kwa sauti ya chini, tena wavulana wakishaondoka: je, ni dhambi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti? Mwaka 2023 Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipotangaza huduma za upasuaji rekebishi, hii ikiwamo, wengi walicheka. Eti ni mambo ya mastaa wa Dar es Salaam.

Huku Nyamigogo si mambo ya mastaa. Chukua binti wa miaka 22 mwenye matiti mazito kupita kiasi cha mwili wake. Anaamka na maumivu ya shingo na mgongo. Mikanda ya sidiria imemchimba mabega mpaka pameacha mifereji. Chini ya matiti jasho halikauki, ngozi inachubuka na kuwasha, dawa ya fangasi inatuliza siku chache tu. Juu ya hayo anabeba ndoo ya lita 20 kichwani, analima akiwa ameinama. Akisema anaumwa anajibiwa, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Jamani, kauli hiyo ni ya imani, ila hapa inatumika vibaya. Mtoto akizaliwa na mdomo sungura tunampeleka akashonwe, na tunamwombea safari njema. Babu akipata mtoto wa jicho hatumwambii avumilie giza. Kwa nini basi mgongo wa binti ndio uachwe? Nadhani ni kwa sababu matiti tunayahesabu kama mali ya wengine: ya mume atakayekuja, ya watoto, ya macho ya barabarani. Mwenye nayo anaulizwa mwisho, kama anaulizwa.

Kanisa halijakaa kimya. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa upasuaji rekebishi kutoka Italia. Hakuukataza. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si lililo juu kuliko yote, na kwamba inatazamwa nia, sababu na madhara. Alichokataa ni kujirekebisha ili kuwatega wengine, au kufuata fasheni tu, au kuharibu kazi ya kiungo.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Upasuaji huu unaweza kupunguza uwezo wa kunyonyesha, na chuchu inaweza kupoteza hisia. Binti ambaye hajazaa amuulize daktari hayo kabla hajauliza bei. Kwa maoni yangu, hasara inayoweza kuja haifuti maumivu yaliyopo leo, kila siku, shambani. Lakini anayeamua kusubiri mpaka azae naye asionekane mwoga. Mimba yenyewe inaweza kuyakuza matiti upya hata baada ya kupunguzwa.

Kuinua matiti yaliyolala ni habari nyingine. Hapo kinachoondolewa hasa ni ngozi, na kinachotafutwa kwa kawaida ni umbo. Sisemi moja kwa moja kwamba ni dhambi. Ila mama aliyenyonyesha watoto watano, akidhihakiwa na mumewe, mimi ningeanza na huyo mume.

Sasa kupona, ambako hakuna anayekuzungumzia. Mgonjwa hulazwa usingizi, na kazi huchukua saa mbili hadi nne. Daktari anaweza kutoa nusu kilo au zaidi kila upande. Ataamka na bandeji, pengine na mirija ya kutoa damu na majimaji, na makovu yatakayobaki: kuzunguka chuchu, kushuka chini, na mara nyingi kwenye mkunjo chini ya titi. Atavaa sidiria ya kubana usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Kazi nyepesi, baada ya wiki mbili hivi. Vitu vizito, mpaka wiki sita ziishe. Yaani wiki sita bila ndoo, bila kuni, bila jembe, bila mtoto mgongoni. Na bodaboda kwenye barabara zetu hizi, wee, asithubutu siku za mwanzo.

Binti anaweza kupata rufaa toka hospitali ya wilaya, akamwone bingwa Chato au Bugando, akapata hata nauli na pesa ya matibabu, kisha akashindwa kwa sababu ya maji. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, jembe limepumzika. Ungesema ndio wakati wake. Lakini ndio wakati visima vinakauka na maji yanafuatwa mbali. Wiki sita, ndoo tatu kwa siku, ni ndoo 126. Jumuiya yenye vijana 12 ikigawana, hazifiki 11 kwa kila mmoja. Na wale wavulana walioondoka kabla ya swali wana baiskeli; moja inabeba madumu manne kwa safari.