Swali la Mpelelezi

Mwaka 1973 ilitoka Marekani filamu iitwayo Shaft in Africa, ya tatu katika zile ambamo Richard Roundtree aliigiza John Shaft, mpelelezi mweusi wa New York. Ile ya kwanza, iliyoongozwa na Gordon Parks mwaka 1971, ndiyo yenye sifa, nayo yaistahili. Hii ya tatu ni dhaifu kuliko hiyo. Lakini mtu wa Kilwa Kivinje anayeitazama nyumbani kwake ana sababu ya kuifikiri zaidi. Humo Shaft anaajiriwa na mtawala wa Kiafrika, anajigeuza kibarua maskini, na kusafiri kutoka Ethiopia hata Paris ili awafichue wanaowahadaa vijana wa Kiafrika na kuwatia utumwani Ufaransa. Mkuu wao ni Mzungu mmoja, Amafi. Akishashindwa huyo, kazi imekwisha.

Miaka mia kabla yake, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Unguja, akitishwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasipitishwe baharini. Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo katika mrima wa kusini. Je, biashara ilikoma? Misafara iliacha majahazi ikashika njia ya miguu, ikifuata pwani kwenda kaskazini, hata Sultani akalazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876.

Swali la mpelelezi ni moja: nani? Katika Kivinje swali hilo halina mahali pa kutua. Walikuwako Wayao walioshuka kutoka pande za Ziwa Nyasa na pembe na watu, walikuwako waliokopesha mitaji, Wahindi na Waarabu, wenye majahazi, wenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, waliotaka mikono ya kuchuma. Bado hajatajwa aliyeuzia misafara mtama. Wala mambo hayakuanzia hapo: mwaka 1776 mtawala wa Kilwa Kisiwani alipatana na Mfaransa Morice kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20. Amafi hakukosekana, basi. Lakini alikuwa na mshirika, na mshirika huyo alikuwa mwenyeji.

Si haki kuibeza filamu kwa hayo. Kwa mtazamaji mweusi wa siku zile, kumwona mtu wa rangi yake akitembea bila kuinamisha kichwa lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza kupeleleza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hana bastola wala mabavu ya Shaft, na bado huingia pagumu zaidi. Maana jinai anazozifuata mara nyingi zimefungamana na siri za ukoo, na anayeuliza huwa amekaa barazani pa anayeulizwa.

Yuko atakayesema kwamba swali hilo lisiulizwe Kivinje. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wameoana, wamezikana, wanaswali safu moja; kuchimbua nasaba ni kuvunja nyumba. Hoja hiyo ina uzito, na wazee walioinyamazia habari hii hawakuwa wajinga. Lakini tazama ukimya huo umemlinda nani. Sheria ilifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, na tangu hapo neno “mtumwa” limebaki tusi kwa uzao wa aliyeuzwa. Mjukuu wa aliyeuza hana tusi lake. Babu yake hutajwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, tena mkarimu, na pengine alikuwa mkarimu kweli.

Hapo ndipo filamu ile, kwa utamu wake wote, humpunguzia mtazamaji mzigo. Taa zikizimwa, kila mmoja ni Shaft. Hakuna anayejiona Amafi, wala karani wa Amafi anayehesabu vichwa ufukweni, wala jirani wa karani huyo, aliyesikia minyororo usiku akafunga dirisha.