Aliyepita Juu ya Tunguu

Jioni ya tarehe 20 Februari 1962, katikati ya mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1381, watu wa Unguja walikuwa wakiingojea magharibi kama walivyoingojea kila siku ya mwezi ule. Saa kumi na mbili ilikwisha kupita, na futari ilikuwa karibu kupakuliwa. Wakati huo huo, juu mno kupita mawingu, mtu mmoja alikuwa akikikata kisiwa kwa mwendo wa takriban kilomita 28,000 kwa saa, amefungwa mikanda ndani ya chombo kisichomwachia hata nafasi ya kunyoosha miguu. Jina lake John Glenn, Mmarekani, mwenye umri wa miaka 40; na chombo chake kikiitwa Friendship 7. Alikuwa ameondoka Florida nusu saa tu iliyopita. Aliyemwitikia kutoka ardhini saa ile hakuwa mtu wa Florida. Sauti ilitoka Tunguu.

Daktari aliyekuwa zamuni katika kituo cha Tunguu alizungumza naye habari za mwili wake: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, hali yake pasipo uzito. Wakati ule mengi yalikuwa bado hayajajulikana kuhusu mwili wa binadamu unavyokuwa katika kuelea. Kisha chombo kikavuka kuelekea mashariki, na juu ya Bahari ya Hindi jua likamchwea Glenn kabla halijawachwea waliofunga saumu Unguja. Magharibi yake iliitangulia magharibi yao, naye angeziona nyingine kabla ya kurejea, kwani aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa nne na dakika 55.

Glenn alifariki dunia tarehe 8 Disemba 2016, akiwa na umri wa miaka 95, baada ya kuwa seneta wa Ohio kwa miaka 24 na baada ya kurudi tena angani mwaka 1998, mzee wa miaka 77. Aghalabu hukumbukwa kuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, baada ya Warusi Gagarin na Titov kutangulia mwaka 1961. Ni haki yake. Lakini kumbukumbu inayoanzia Florida na kuishia Washington huwaacha nje watu waliokaa chini ya njia yake. Na katika habari za watu hao ndimo lilimo suala zito kuliko lile la nani alitangulia. Safari ya angani ina thamani gani, na nani mwenye haki ya kuipima thamani hiyo?

Kituo cha Tunguu kilikuwa kimoja katika mlolongo wa vituo 18, baadhi nchi kavu na viwili melini, vilivyoizunguka dunia ili mwanaanga asipotee masikioni mwa wenzake kwa muda mrefu. Makubaliano ya kukijenga yalifungwa mwaka 1960 baina ya serikali ya Uingereza na ya Marekani. Wazanzibari, waliokuwa bado chini ya himaya, hawakuwa upande wowote wa mkataba ule. Wapo waliopinga kwa nguvu, wafuasi wa Hizbu wakiwa mstari wa mbele, wakihofu kwamba kisiwa kinafanywa ngome ya makombora, na kwamba siku ambayo wakubwa watapigana, Unguja itapigwa pamoja nao.

Ni rahisi kuwacheka watu wale. Tunguu hapakuwa na kombora hata moja. Palikuwa na mitambo ya kupokea ishara za chombo na kusema na rubani, basi. Hata hivyo hofu yao haikuwa ya kijinga. Roketi iliyompandisha Glenn, iliyoitwa Atlas, haikubuniwa kwa ajili ya kumpeleka mtu kutazama machweo. Ilibuniwa kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine, kisha bomu likaondolewa na mtu akawekwa mahali pake. Glenn mwenyewe alikuwa askari, rubani wa kivita aliyepigana katika Vita Vikuu vya Pili na katika vita vya Korea. Basi mtu wa shamba aliyeuliza mitambo ile ni ya amani au ya vita alikuwa ameuliza swali ambalo hata wenye mitambo hawakuwa na jibu lake lililonyooka. Alikosea katika jawabu. Katika swali hakukosea.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wa kituo waliondoshwa kisiwani, na mwezi wa Aprili serikali mpya ikataka kituo chenyewe kiondolewe. Hakikutimiza miaka minne.

Ajabu ni kwamba Glenn naye, kule juu, alipatwa na jambo lenye shabaha moja na la watu wa Tunguu. Akiwa katika mzunguko wa pili, ishara ilifika ardhini kwamba huenda ngao ya kumkinga na joto imelegea. Lau ingekuwa kweli, angeteketea wakati wa kurudi. Wakubwa waliipokea habari ile, wakashauriana, na mwanzoni hawakumwambia. Walimuuliza maswali ya kuzunguka: je, swichi fulani imezimwa? Je, amesikia kishindo chochote? Kwa maswali yale akaanza kutambua mwenyewe kuwa kuna jambo linafichwa. Mwisho aliamriwa asiuachie mkoba wa roketi ndogo za kupunguzia mwendo, uliofungwa juu ya ngao, ili uishikilie. Na aliposhuka aliona kwa dirisha vipande vya moto vikipita, asijue kama ni mkoba unaoungua au ni ngao yenyewe. Ngao ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kipimo tu. Aliporejea hakuificha rai yake kwamba rubani anastahili kuambiwa kila linalojulikana kuhusu chombo alichomo.

Rai hiyo yafaa kuwekwa karibu na mkataba wa 1960. Anayebebeshwa hatari ana haki ya kuelezwa hatari hiyo, na kuelezwa na wenyewe wanaoijua. Glenn alikuwa na cheo cha kulisema hilo na likasikilizwa. Mkaazi wa Tunguu hakuwa nacho.

Ipo hoja nyingine, kongwe na nzito zaidi, nayo ni ya njaa. Mwezi wa Julai 1969, siku moja kabla ya kurushwa Apollo 11, mchungaji Ralph Abernathy aliwaongoza maskini pamoja na mikokoteni ya nyumbu hadi karibu na uwanja wa kurushia roketi, kuuliza vipi taifa linaloweza kufika mwezini linashindwa kuwalisha watoto wake. Hoja hii haijibiwi kwa kutaja faida. Ni kweli kwamba leo vyombo vya angani huonya juu ya tufani, na wavuvi wa mwambao waliofuatiliwa na kimbunga Hidaya mwezi wa Mei 2024 walipata habari zake kabla hakijafika Mafia. Lakini aliye na njaa leo hashibi kwa faida ya kesho, na ni ufidhuli kumwambia asubiri.

Pengine jibu liko katika kukataa kwamba kutazama juu na kula ni mambo mawili. Pwani hii haikupata kuyatenga. Mkulima alikitazama kilimia ajue msimu. Nahodha alizipima nyota usiku akijua kwamba akikosea, jahazi zima limekosea. Na mpaka leo mwezi mwandamo ndio unaowaambia watu lini wale na lini wajizuie. Elimu ya falaki ilikuwa chakula na ibada na safari kwa pamoja, na hakuna aliyeiita anasa, kwa sababu ilikuwa ya wote: mtoto wa mvuvi aliweza kuoneshwa nyota ile ile aliyoijua nahodha. Kinachoudhi katika anga la zama hizi si gharama peke yake. Ni kule kugeuzwa kuwa mali ya wachache, wengine wakibaki kuwa uwanja wa mitambo. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilivumbua mengi mbinguni. Jina lilikuwa la wenyeji. Elimu ilikwenda Ulaya na Marekani.

Na huko Marekani nako ilikwenda kwa wachache. Kabla ya kuruka, Glenn alitaka hesabu za njia yake, zilizotolewa na kompyuta, zihakikiwe na Katherine Johnson, mwanamke mweusi aliyefanya kazi Virginia, jimbo ambalo watoto wengi weusi bado walisoma katika skuli za kutengwa. Alimwamini juu ya uhai wake. Miezi michache baadaye, Julai 1962, mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, hakuona haja ya kuwafungulia wanawake mlango wa kuwa wanaanga. Haitoshi kusema alikuwa mtu wa zama zake, kwani Johnson naye alikuwa wa zama hizo hizo. Mwaka uliofuata Valentina Tereshkova aliizunguka dunia mara 48.

Tunguu ya leo ina kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Zipo jioni ambapo, muda mfupi baada ya magharibi, anayesimama nje akatazama juu huiona nukta yenye mwanga ikikata anga bila ya kumetameta: kituo cha anga cha kimataifa, na watu ndani yake. Hupita kwa dakika chache, kisha huingia katika kivuli cha dunia na kutoweka upande wa bahari, kule kule alikopotelea Glenn.